Yaliyobaki

Daktari Intisar ana Kiswahili cha bibi yake,
kimeng'oka hapa na pale;
penye pengo hubandika Kiarabu
na mazungumzo yanatafunika.

"Bi Shinuna, panua. Zaidi.
Hii *litha* yako…" akakwama.
Nikataka kumsaidia, ufizi, mwanangu, ufizi,
lakini kidole chake kilikuwa mle mle
likatoka kama mbuzi anayekohoa.

Basi ufizi wangu ulikuwa
komamanga la Jabal Akhdhar lililopasuka mtini.
Alipogusa tu, damu.

Nina meno manne ya kubandika, ya mbele, juu,
na kibao chao cha waridi na kulabu mbili za waya.
Akayatoa, akayasogeza puani,
hakusema kitu.
Nikahesabu matone ya kiyoyozi.

"Unalala nayo?"
Miaka kumi na mmoja.
"Mbona?"
Nikamwambia nasahau.

"Haya hayatoboki," akasema, "wala hayaumwi.
Ya kwako ndiyo yanayoyabeba.
Hili la pembeni," akaligonga, ti, ti,
"linamshika mgeni mkono usiku na mchana,
na chini ya mkono hakuoshwi.
Likianguka hili, mgeni atakaa wapi?"

Jino hilo liliota Wete, nikiwa chuoni, juzuu ya tatu.
Mwalimu alidhani nalia kwa sababu ya aya.
Limevuka na mimi. Limetafuna mhogo,
likatafuna shuwa ya Idi za huku, halwa ya Barka,
mbegu za tende nilizojisahau nikaziuma.
Sijawahi kuliuliza hali.

Usiku ule, nyumbani Mabela,
nikafunga mlango wa choo
nikatandika taulo ndani ya sinki,
yasije yakaniponyoka yakavunjika vipande.
Maji baridi. Sabuni ya vyombo, tone.
(Na mimi mjinga, kila Ijumaa
nikiyamwagia maji ya birika yanayochemka
nikijiona msafi, kumbe nayapinda,
ndiyo maana yakipwaya nikisema "bismillahi".)
Mswaki wao mbali, wa kwangu mbali.
Kisha uzi, nyuma ya lile la Wete, polepole,
kisha kitambaa laini juu ya ufizi na kaakaa
kama anavyofutwa mtoto mchanga.
Nikatema. Sinki likawa na rangi.

"Shinuna! Unatapika?"
Khelef, mlangoni, na kitasa hakikukaza.
Nikavuta upande wa kanga, nimechelewa.
"Thi kitu," nikasema.

Akanitazama.
Mume wangu, ambaye sikuwahi
kumwonyesha pengo, hata nikiwa na homa,
hata usiku wa msiba wa mama yake,
akaegemea ukuta.
"Miaka yote wananicheka kazini
*tha* yangu ni *sa*,
kumbe mwalimu ninaye ndani!
Hebu sema tena."
"Nenda thako huko."
Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta,
naye akanishikia glasi
nikiyazamisha yale manne.

Kulala bila wao ni kama kulala
mlango umerudishiwa tu.
Siku ya kwanza niliinuka mara tatu kuyatazama.
Ya nne nikasahau, safari hii kweli.

Sasa wiki ya tano. Mswaki unatoka mweupe.
Intisar alifurahi, akasema neno lake jipya
kwa sauti kubwa, wagonjwa wote wasikie:
ufizi.
Nikamsahihisha? Hapana, amelipata.

Alfajiri, kabla ya kuyarudisha,
ulimi wangu unapita pale palipo patupu,
pamepoa, pamefagiliwa,
halafu unakwenda pembeni.
Linatikisika bado, kidogo.
Unaligusa, unalisalimu,
unasubiri lijibu.